Mashine ya Mifuko na Sinia la Bi Fawziya

Msomaji wangu, uliniacha Maskati, katika ofisi ya Bwana Saud, nimeshika mfuko wa visheti na uso umenishuka kwa haya.

Kwa aliyechelewa, nitamkumbusha haraka. Mimi ni Musallam, mzaliwa wa Unguja, mkaazi wa Nizwa, mstaafu wa serikali. Mbuzi niliowanunua mji wa Adam walikufa kwa zamu. Teksi niliyonunua baada ya mbuzi iliwaka moto ikiwa imeegeshwa. Ndipo nilipozinduka kwamba riziki ilikuwa nyumbani kwangu siku zote, tena jikoni: visheti vya mke wangu Fawziya, ambavyo kila Idi mtaa mzima unavigombania.

Bwana Saud ndiye anayeyanunulia bidhaa maduka makubwa ya Maskati. Alikula kisheti kimoja, akafumba macho. Akala cha pili. Halafu akaugeuza mfuko, akaona ile nailoni tuliyoiziba kwa moto wa mshumaa, akanirudishia.

"Vitamu, wallahi. Lakini mfuko wa mshumaa hauingii dukani kwangu. Niletee uliofungwa na mashine, wenye jina juu yake, nikupe rafu ya mbele Idi ya Mfunguo Tatu."

Hapo ndipo tulipoachana. Sasa sikilizeni yaliyonifika.

Nilirudi Nizwa naimba njia nzima. Fawziya hakuimba. Aliendelea kukanda unga wake, akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Jina gani litaandikwa kwenye huo mfuko?"

"Lako. Visheti vya Bi Fawziya. Kwa Kiarabu na kwa Kizungu, na picha ya sinia."

Mikono ikasita ndani ya unga.

"Baba Wijdan, mbuzi walikuwa wako. Teksi ilikuwa yako. Jina hili ni langu."

"Najua, mke wangu."

"Hujui. Watu wanakuja mlangoni hapa wananiita kwa jina langu, wanachukua visheti vyao, wanaondoka wananiombea dua. Wewe unataka niwaambie Idi hii wasije, wakavitafute dukani. Haya, nitawaambia. Lakini jina langu likitoka na aibu, nachukua karai langu nakwenda Sur kwa dada Badriya. Wala usinipigie simu."

Karai lile ni la marehemu mama yake. Lilitoka Unguja limefungwa ndani ya godoro. Mwanamke akiondoka na nguo zake, siku moja atarudi kufuata viatu. Fawziya akiondoka na karai, kaondoka.

Nikamwambia aniamini. Mnacheka? Hata yeye alicheka kidogo, kisha akafunika unga wake, akaenda kumpigia simu jirani yetu Bi Wadha, anayechukua ndoo nzima kila Idi, kumwambia mwaka huu asimtegemee.

Basi likabaki jambo moja tu, kuchagua mashine.

Nisikilizeni vizuri hapa. Serikalini kazi yangu ilikuwa ununuzi. Nimeidhinisha matrekta bila ya kuona tairi. Nimeidhinisha viti vya ofisi nzima bila ya kukalia kimoja. Nani wa kunifundisha mimi kununua?

Alijitokeza mmoja. Shemeji yangu Humoud, mume wa dada yangu, mtu wa Tabora. Sisi wa Unguja tunawapenda sana jamaa zetu waliotoka bara, tunawaoza dada zetu, tunakula nao. Tunachoshindwa kuvumilia ni wao kusema kweli kabla yetu.

"Shemeji," akasema Humoud barazani, watu wote wanasikia, "mashine za mifuko si za aina moja. Kwanza uijue bidhaa yako inakwendaje. Inamiminika? Inanata? Inavunjika?"

"Shemeji, mimi visheti nimevijua kabla sijajua kusoma."

"Kuvila, ndiyo."

Watu wakacheka. Nikamwekea kinyongo.

Wakala wa mashine alikuwa Ruwi, huko huko Maskati. Kijana aliyenipokea aliitwa Asaad, fundi wa pale pale, wazee wake wametokea Bujumbura. Kijana mzuri, suruali imepigwa pasi, Kiswahili chake kimepigwa na gari.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mashine ya mifuko."

Akanipeleka kwa moja iliyokuwa imesimama katikati ya duka, ndefu kuliko mlango. Akaiwasha, na mimi nikapenda hapo hapo.

Kwa nyuma kuna jora la nailoni. Nailoni inapanda juu, inashuka ikilizunguka bomba, inajikunja ikawa kama mkono wa kanzu. Chuma cha moto kinaushona ubavuni. Taya nyengine inaziba chini. Bidhaa inadondoka kutoka juu, ndani ya bomba, inaingia mfukoni. Taya inaziba juu, inakata, na mfuko unaanguka kwenye kikapu umenona. Huo mmoja. Na mwengine. Na mwengine. Hakuna mshumaa, hakuna kuungua vidole.

"Hii inaitwa ya kusimama, ami," akasema Asaad. "Bidhaa yako ni unga, punje, ama vipande?"

"Ni visheti."

"Inanata?"

"Visheti vya mke wangu havinati!"

"Samahani, ami. Dari yako iko juu kiasi gani?"

"Dari yangu ya nini wewe? Nyumba yangu kubwa, alhamdulillahi."

Akaandika kitu, akanionyesha sehemu ya juu ya mashine, pale bidhaa inapopimwa. Kumbe shina ni lile lile, kichwa ndicho kinachobadilika. Kuna kichwa cha parafujo, cha kusukumia unga na bizari. Kuna kichwa cha vikombe, vinazunguka, kila kikombe kinachota kiasi chake na kumwaga. Na kuna kichwa cha mizani nyingi, cha vitu vyenye pembe na vinavyovunjika, kila mzani unapima kidogo kidogo, vinakusanywa.

"Ipi ya kasi?"

"Ya vikombe, ami, lakini..."

"Basi ya vikombe."

Na kweli, moyo wangu ulishaangukia vikombe. Nilijiambia mashine inayotumia vikombe ni mashine yenye adabu ya kwetu. Ungeniuliza hoja nyengine, sikuwa nayo.

"Ami, subiri," akasema Asaad. "Kikombe inataka kitu inayotiririka. Visheti mimi naijua, bibi yangu alikuwa anapika. Iko na pembe. Iko na sukari. Wewe niletee sampo, mimi nitume kiwandani ng'ambo, wao wajaribu na mashine, waturekodie video. Ikipita, unachukua ya vikombe. Haipiti, tunaangalia ya mizani. Khalas."

Ulikuwa ushauri wa maana kuliko yote niliyopewa mwaka ule. Nakiri niliusikia wote, kwa masikio yangu haya mawili.

Nikaupeleka nyumbani.

"Wanataka visheti vya kujaribia," nikamwambia Fawziya.

"Nani wanataka?"

"Watu wa mashine. Asaad na wenzake."

Fawziya akasimama wima. "Watu hawatujui, ndiyo mara ya kwanza wanapokea kitu kutoka nyumba hii, niwapelekee vya kukwaruza sufuriani?"

Asubuhi yake nyumba nzima ikanukia samli na hiliki. Akapika vidogo vidogo, vya sura moja, vile vya kuposea. Akavipanga kwenye sinia la shaba, akaweka bakuli la halwa ya Nizwa katikati, akafunika kwa kawa la ukindu lenye nakshi. Pembeni chupa ya kahawa na vikombe vyake. Nikaangalia nikajiona mtu.

Humoud alikuwa anapita. Siku zote Humoud anapita.

"Shemeji, hiyo ni sampo au ni posa?"

"Ni heshima."

"Tia visheti kwenye katoni. Tia vile vya kila siku, vikubwa na vidogo. Juu yake andika: ya kujaribia mashine, si ya kula."

Fawziya akashika shavu. Mimi nikamtazama mtu wa Tabora kwa huruma.

"Yaani nimpelekee mtu chakula, nimwandikie asile? Huko kwenu ndivyo mlivyofunzwa?"

"Kwetu tumefunzwa kwamba chakula kikifika mbele ya watu wenye njaa kinaliwa," akasema Humoud. "Sijui kwenu."

Nikaondoka na sinia langu. Kutoka Nizwa mpaka Ruwi nilikuwa natunga la kusema. "Mwanangu Asaad, hivi vipeleke kiwandani kama vilivyo." Sentensi fupi, safi. Niliisema kwa sauti ndani ya gari mpaka nikaizoea.

Nikafika. Nikaweka sinia mezani. Nikafunua kawa. Harufu ya hiliki ikaenea, na ofisi nzima ikasimama: Asaad, karani, dereva, mhasibu wa Kihindi, na mteja aliyekuja kuulizia mashine ya chumvi. Wote wananitazama mimi, wanatabasamu. Kahawa inafuka.

Sasa niambie wewe, msomaji, uliyelelewa na mama. Ungesema nini?

Nikasema, "Karibuni."

"Allah, ami! Umejisumbua!" akasema Asaad, na mkono ulikwishafika.

"Hata. Kidogo tu kutoka nyumbani. Kuleni kwa raha." Ndiyo, mdomo wangu huo huo. Kisha, ili nisiwe nimesahau kazi, nikamwinamia sikioni. "Na ile shughuli yetu, mwanangu, usiisahau."

"Inshallah, ami," akasema, shavu limejaa.

Nilijiambia atavitenga. Kijana msomi, atajua vya kuliwa ni vya juu, vya chini ni vya kazi. Nikarudi Nizwa na sinia tupu. Fawziya alipoliona tupu alifurahi, akasema watu wale wana shukurani.

Baada ya wiki kadhaa video ikafika. Nikaita watu. Wanaume wamejaa barazani, wanawake chumba cha pili mlango wazi. Nikatia kaseti.

Ile mashine! Mifuko ya rangi ya fedha ilikuwa inaanguka kama imeamrishwa, hata mmoja haukupinda. Sauti yake kak-kak-kak, na ndani ya bomba shaaa, shaaa. Mzee Humaid wa mji wa Ibra aligonga goti lake akasema mashaallah mara tatu. Mimi nikawa namtazama Humoud badala ya kuitazama televisheni.

"Mifuko haionyeshi ndani," akasema Humoud.

"Kwani visheti ni wari, vitakuwa vinachunguliwa?"

Fawziya akatoa kichwa mlangoni. "Baba Wijdan, mbona vinalia shaaa? Visheti vyangu vikimwagwa vinagongana."

"Ndiyo video, mke wangu. Video zinabadilisha sauti."

Akarudisha kichwa ndani. Alitaka kuniamini, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo nikikaa peke yangu.

Nikampigia simu Asaad. "Mwanangu, nimeona. Imepita?"

"Imepita vizuri sana, ami."

"Basi leta ya vikombe."

Ilipoletwa, ikawa haiingii. Mlango tuliupanua, lakini dari ya banda la nyuma ilikuwa fupi, maana swali la dari nililijibu kwa nyumba yangu kubwa. Tukabomoa dari, winchi ikaishusha mashine kutoka juu, tukajenga paa jipya juu yake. Humoud alisaidia kubeba matofali bila kusema neno lolote, na kunyamaza kwake kulinichosha kuliko matofali.

Ikaja Alkhamisi ile, siku chache kabla ya Idi.

Nilialika watu wote. Wa Ibra walikuja, wa Bahla walikuja, Bwana Saud alikuja kutoka Maskati na gari la maduka, tayari kubeba shehena ya kwanza. Asaad alikuja kuiwasha. Bi Wadha alikuja na ndoo yake tupu, akasema hakuja nayo kwa lolote, ni mazoea. Fawziya na wanawake wawili walikuwa wamepika siku tatu mfululizo. Visheti vilijaa mabeseni na mabeseni, vinang'aa kwa sukari. Yeye mwenyewe alivaa baibui jipya, akasimama mlangoni pa banda, macho kwenye ule mfuko wenye jina lake.

Asaad alikuwa hatulii. Mara afute jasho, mara akaze bolti iliyokwisha kukazwa.

"Una homa?" nikamwuliza.

"Hapana, ami. Labda leo tujaribu kidogo tu? Kidogo sana?"

"Jaza mpaka juu!"

Wakamimina beseni zima. Nikasema bismillahi, nikabonyeza kitufe mwenyewe.

Vikombe vikazunguka. Visheti vikaingia viwili vitatu, vikabana pembe kwa pembe, vikakaa. Vikombe vikaendelea kuzunguka chini yake, vitupu. Na ile mashine, kwa kuwa haina habari ya kilichomo, ikaanza kazi yake. Kak. Mfuko. Kak. Mfuko. Kila mmoja umefungwa vizuri, umeandikwa Visheti vya Bi Fawziya, umevimba, na ndani mna hewa.

Watu wakapiga makofi.

Wageni wetu wana adabu sana. Mzee Humaid aliuokota mmoja, akaupima mkononi, akasema, "Vyepesi! Mashaallah, wamepunguza mafuta."

"Asaad, zima!" nikanong'ona.

Asaad, kwa kuchanganyikiwa, akachukua fimbo akasukuma vile visheti kutoka juu. Vikashuka kwa pamoja. Vingine vikakwama kooni mwa bomba, vingine vikafika chini taya inafunga. Taya ikafunga juu ya sukari. Tukasikia chwiii, moshi ukapanda, banda likanuka sukari ya kuungua, nailoni ikachanika na kujizungushia kwenye bomba pamoja na jina la mke wangu.

Asaad akazima. Mfuko mmoja wa hewa ulikuwa bado unabingirika sakafuni. Ukaenda kusimama kwenye mguu wa Fawziya.

Akainama, akauokota. Hakunitazama mimi. Alimtazama Asaad.

"Mwanangu. Visheti vyangu vilipita kwenye ile video?"

"Shangazi..."

"Vilipita?"

Kijana akainamisha kichwa. "Shangazi, visheti yako haikufika kiwandani. Ilifika ofisini. Ami alileta na kahawa, alileta na halwa, akasema karibuni, kuleni kwa raha. Tukala. Wallahi tulidhani ni zawadi, sampo inakuja baadaye. Siku ya pili ndiyo nikakumbuka alivyoniambia sikioni, nikaelewa. Sinia ishaondoka tupu."

"Na kwa nini hukumwambia?" nikapiga kelele mimi.

"Ningekwambiaje, ami? Mtu mzima amekuletea chakula kutoka nyumbani kwake, umpigie simu umwambie tumekula, lete nyengine? Mama yangu angenifukuza nyumbani." Akaitazama mashine. "Kiwandani wakawa wanauliza, bidhaa iko wapi. Nikawaambia ni kitu kidogo, kavu. Wakajaribu na dengu."

Dengu! Shaaa, shaaa. Mke wangu alisikia kwa sikio lake kutoka chumba cha pili, na mimi nikamwambia video.

Hapo tungekuwa tumekwisha. Lakini Humoud alikuwepo. Alikwenda kwenye meko, palipokuwa na gunia la dengu kavu la chakula cha wageni, akalibeba begani.

"Asaad, mwanangu, safisha hicho kidude. Tusimpoteze Bwana Saud bure."

Wakasafisha. Wakabadilisha nailoni. Wakamimina dengu. Asaad akabonyeza.

Ndugu zangu, ile ilikuwa mashine. Dengu zilishuka kama zimezaliwa humo. Kak-kak-kak, mifuko imenona, imelingana, kikapu kikajaa, wakaleta kikapu chengine. Watu wakasahau moshi wote. Mzee Humaid alikuwa anaokota na kubusu. Bwana Saud akauchana mmoja, akazimwaga dengu kiganjani, akauchunguza ule mshono, akauvuta, haukuachia.

"Hizi nachukua," akasema. "Mfuko safi, kipimo safi. Nipe za kujaza rafu, jina hili hili, picha nitaibandika stika juu yake. Watu wa Idi watanunua dengu. Visheti tutaongea mwakani."

Watu wakashangilia. Na mimi, Musallam, kwa mikono yangu miwili, nikapiga makofi.

Nilipiga kama mara nne hivi kabla sijamwona.

Fawziya alikuwa anaitazama ile mikono yangu. Mkono wake ulikuwa bado umeushika mfuko wa hewa.

"Unashangilia," akasema taratibu.

"Mke wangu, kazi imeokoka..."

"Jina langu kwenye dengu. Bi Wadha ataamka Idi asubuhi afungue mfuko wangu akute dengu mbichi, na wewe unashangilia."

Akageuka akawaangalia watu, wanaume kwa wanawake, akasema kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.

"Nawaomba radhi. Sinia nililipamba mimi. Niliambiwa ni vya kujaribia, na mimi nikatia kahawa na kawa kama napeleka posa, kwa sababu niliona haya. Kosa hilo ni langu, nimelisema. Bi Wadha, leta ndoo yako. Na nyinyi nyote mlio na vyombo, jazeni. Vilivyo kwenye mabeseni ni vyenu, hakuna kuuza."

Wanawake wakaanza kusogea na mitandio yao na vikapu. Bi Wadha alikuwa analia na kujaza. Fawziya akaingia jikoni. Akatoka na karai, limefungwa kwenye kanga.

Dada yangu, mke wa Humoud, alikuwa keshakaa kwenye usukani wa gari lao. Gari limeelekezwa barabara ya Sur.

Nikataka kukimbia, Bwana Saud akanishika mkono. "Bwana Musallam, tumalize. Kwenye karatasi za wizara jina la mfuko limeandikishwa kwa nani?"

"Kwa mke wangu."

"Basi nahitaji neno lake yeye. Bila yeye sichukui hata mfuko mmoja."

Nikakimbia, kilemba mkononi, viatu sijui viko wapi. Nikalishika gari dirishani. Karai lilikuwa mapajani mwa Fawziya.

"Mama Wijdan, nisikilize. Dengu nazitupa. Jina lako silitumii. Ya vikombe nairudisha, nitatafuta ya mizani, kama alivyosema..."

"Kama alivyosema nani?"

"Kama... ilivyosemwa."

Akacheka kile kicheko kidogo. Nikapata tamaa.

"Sitaki mashine, Baba Wijdan. Sitaki rafu. Mimi nimesimama mbele ya watu nikasema langu. Limebaki lako. Rudi pale, wakiwa wote wapo, useme kwa sauti: Humoud aliniambia niandike si ya kula, na Humoud alisema kweli. Useme hayo tu, nashuka na karai langu naingia ndani. Husemi, tunaondoka."

Nikageuka.

Wote walikuwa wametoka bandani, wamesimama uani wananitazama: watu wa Ibra, watu wa Bahla, Bwana Saud na karatasi zake, Asaad na macho mekundu. Na mbele yao wote anakuja Humoud, polepole, kikombe cha kahawa mkononi, ameniletea mimi.

Ingekuwa amekuja kunicheka, ingekuwa rahisi. Hakuwa anacheka.

Dada yangu akawasha gari.

Nikafungua mdomo. Humoud akasogea karibu, akatega sikio.